Maisha ya Shangazi, Aliyetufundisha Kupumua kwa Sauti

Alizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, mama yake akiwa ndiyo kwanza ameweka pasi chini. Waliokuwepo waliapa kwamba hakulia. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu, akalala. Asiyetaka kuamini na asiamini, lakini wanafunzi wake tunalisimulia hilo kwa furaha tele. Alikua akipiga pasi, na ujana haujaisha mgongo ukawa umepinda. Ndipo alipoitwa. Mwalimu mmoja mzee wa yoga, aliyeleta mashuka yake kufuliwa, alimtazama akasema, "Binti, mwili wako umeukamata kama mwizi. Uachie."

Akamfuata. Kwa mzee huyo alipokea yoga ya kale, iliyorithishwa kwa mdomo tangu enzi na enzi: pumzi hutangulia na mwili hufuata, kila mkao uwe imara na uwe mwepesi, usidhuru kiumbe chochote, na mwili wako nao ni kiumbe, na mwisho wa yote lala chali, utulie. Mgongo ukanyooka! Mzee alipofariki, akafungua chumba cha mazoezi juu ya duka lile lile, na mji mzima ukamwita Shangazi.

Alikuwa na desturi yake. Alipita pekupeku kati ya mikeka akisikiliza, na yeyote ambaye pumzi yake ilisikika alimgusa bega, naye akautoka mkao, kwa kuwa anayehema anajilazimisha. Kutoguswa ikawa fahari. Aliyewashinda wote ni binti wa kaka yake, mshonaji katika kiwanda cha mabegi, aliyepewa jina la Kimya. Shangazi alikuwa ameshamtangaza kuwa mrithi wake, wala hakuwa na mwingine. Bila Kimya, elimu ile ingezikwa pamoja naye.

Asubuhi moja, mbele ya wageni, Kimya alisimama kichwa chini miguu juu, muda mrefu, bila kusikika. Ghafla akazimia, akaanguka, mfupa wa bega ukavunjika. Alipozinduka alisema, "Niliibana pumzi, Shangazi. Sote huwa tunaibana, usitusikie." Akaondoka, akaapa kutorudi.

Hilo ndilo lililokuwa jaribu lake kuu. Sheria aliyoiweka ili watu wasijilazimishe ndiyo iliyowafundisha kujilazimisha kwa siri. Wengine walimshauri awalaumu wanafunzi. Alijibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akafunga chumba, akaenda kiwandani. Mbele ya washonaji wote, bibi yule aliyeheshimiwa na mji alikaa sakafuni, miguuni pa Kimya, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa shingoni.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilizisikiliza pumzi zenu kama askari. Sasa nataka unifundishe."

"Nikufundishe nini mimi, Shangazi?"

"Kupumua mpaka mtu asikie. Naona aibu kuanza peke yangu."

Kimya alicheka hadi bega likamuuma, kisha akalia. Wakapumua pamoja, sauti ikikwaruza kooni, cherehani zikinguruma pande zote. Jumatatu iliyofuata Kimya alirudi chumbani, na tangu hapo hii ndiyo alama ya njia yetu: pumzi isikike kama ufagio uani, na asiyesikika ndiye anayeguswa bega. Mioyo yetu iliruka kwa shangwe!

Alifariki uzeeni, amelala chali kwenye mkeka wake, tumemzunguka. Pumzi yake ilizidi kuwa nyembamba, na Kimya akamwinamia akasema, "Nakusikia, Shangazi." Kisha haikusikika tena. Kimya akavuta yake kwa sauti, nasi sote tukamfuata, hata madobi wa chini wakakimbilia uani kuanua nguo, wakidhani mvua imeanza.

Chumba kiko wazi hadi leo, na Kimya ndiye mwalimu. Atakaye kumuiga Shangazi asianze na kusimama kichwa chini. Akimkosea aliye mdogo kuliko yeye, amfuate huko aliko, akae sakafuni, aombe kufundishwa.