Firigisi ya Mkwe

Nilipokuwa mnene walinisema. Nilipokonda wakanisema zaidi. Kama kuna mwili uliojadiliwa katika kijiji chetu, juu kidogo ya Soni, miaka ile ya Ujamaa, basi ni huu wangu, na sikumbuki hata siku moja mwenyewe kuombwa maoni.

Nilikuwa muuzaji katika duka la kijiji. Siku zile mtu mwenye tumbo kubwa akisimama nyuma ya mizani, kesi yake ilikuwa imekwisha bila shahidi. Mwenyekiti wetu alipohutubia habari za kupe na wanyonyaji, macho yake hayakwenda mbali, yalitua kwangu palepale kwenye benchi la mbele, na watu wakacheka. Unene ule niliurithi kwa mama yangu kama nilivyorithi pua yake. Sukari ya duka sikuwahi kuilamba hata kwenye kidole. Lakini nani angeniamini?

Kilichokuwa ndani ya tumbo lile hawakukijua. Nilikuwa na vidonda vilivyonichoma miaka, mpaka asubuhi moja nikatapika damu na kupelekwa hospitali ya wamisheni. Daktari alinipasua, akakata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. "Kilichobaki ni hiki," muuguzi aliniambia, akanikunjia ngumi yake, nayo ilikuwa ngumi ndogo ya kike. Akaniagiza nile kidogo kidogo, mara nyingi, na nitafune mpaka chakula kiwe uji. Nikienda haraka, moyo utanienda mbio, jasho litanitoka na chakula kitarudi kilikotoka. Muda mfupi kabla ya kulazwa mke wangu alikuwa ameniambia ana mimba, mimba yetu ya kwanza. Nikiwa kitandani pale nilimwomba Mungu jambo moja tu: mtoto huyo azaliwe nyumbani kwangu, nami niwepo kumpokea.

Nikatoka, nikaanza kuyeyuka. Fundi cherehani aliyekaa barazani pa duka aliipunguza suruali yangu, akaipunguza tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Mashati yangu ya zamani mke wangu aliyachana, akayapiga pindo yakawa nepi. Shati moja tu la unene wangu lilitosha mtoto na jirani yake. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona katika unene.

Mwenyekiti alinipa mkono mbele za watu akasema, "Sasa ndugu umeanza kufanana na wenzako." Kabla hajafika kwake alikuwa ameshamnong'oneza mtu kwamba nimerogwa. Nilikasirika mpaka mshono ukauma. Nilipokuwa na nyama nilikuwa mwizi, zilipokwisha nikawa maiti. Kumbe hapakuwa na kipimo cha mwili ambacho kingewaridhisha.

Hayo yote ningeyameza, maana maneno hayahitaji mfuko mkubwa. Kilichonishinda ni kuku.

Mke wangu alitoka Mgwashi, na kwa ukoo wao kulikuwa na desturi ambayo kwetu haikuwepo. Binti yao akishika mimba ya kwanza na ikaonekana, mkwe huitwa, na mama mkwe humpikia jogoo. Huyo mkwe anatakiwa ale sehemu yake yote, paja na firigisi, mifupa ibaki mitupu. Akimaliza, amekubali mbele ya wazee kwamba mimba ni yake. Akibakiza, ameikana. Kubwa kuliko yote, mkwe haambiwi. Hata mkewe amefungwa mdomo, kwa sababu aliyefundishwa, wanasema, hula kwa kufundishwa. Hebu fikiria mtihani ambao mwanafunzi hajui hata kama yuko darasani.

Basi nikaitwa, nikaenda na mke wangu. Nikapiga shikamoo zangu, nikakaa kwenye mkeka na baba mkwe, mjomba wa mke wangu na wazee wengine. Safari ilikuwa imenichosha. Nikamega matonge mawili ya ugali, nikachovya mchuzi, nikahisi ile ngumi ya muuguzi imejaa. Nikasema alhamdulillahi, nikasukuma sahani, na firigisi juu yake imekaa haijaguswa.

Wazee wakaitazama sahani, kisha wakanitazama mimi. Mimi nilidhani wanaisifu adabu yangu.

Jioni mama mkwe akatuma neno kwamba binti amechoka, atabaki kidogo. Nikarudi Soni peke yangu na akili zangu kama mjinga. Siku chache baadaye mshenga wetu, mzee aliyetuunganisha wakati wa posa, akaja dukani, akasubiri wateja watoke.

"Mgosi," akasema, akiniita bwana kwa Kisambaa, "kwa nini umeikataa mimba?"

Nilimwomba arudie, akarudia, kisha akanifumbulia ile desturi ya jogoo na firigisi. Mjomba wa mke wangu ndiye aliyelitamka neno hilo kwanza, kisha likakua. Walikuwa wakisema sahani imesema, na zaidi ya hapo, mwanamume aliyekauka vile angeweza wapi kumpa mtu mimba. Kwa hiyo wakaanza kumuuliza mke wangu maswali ambayo mtu hamuulizi hata mwizi.

"Waambie nimekatwa tumbo," nikasema.

"Nimewaambia. Mjomba anasema mtu aliyekatwa tumbo hatembei."

Ningeweza kuwaonyesha mshono, ulikuwa umeshuka toka kifuani hadi kitovuni kama njia ya mchwa. Lakini mkwe gani anafunua shati mbele ya wakwe zake? Wangesema nimeongeza utovu wa adabu juu ya dhambi ya kwanza. Walikuwa wamenifungia mlango na ufunguo wakauvalisha heshima.

Nikasema na mshenga maneno ambayo hayakuwahi kusikika Mgwashi: "Kawaambie nataka kuku wangu arudiwe."

Wazee walikaa, wakabishana, wakatafuta katazo wasilione, kwa sababu hakuna mkwe aliyewahi kuwa na uso wa kuomba mara ya pili. Wakakubali. Nami wakati huo nilikuwa jikoni kwangu najifundisha kula firigisi. Nilikata kipande cha ukubwa wa punje ya harage, nikatafuna mpaka taya likauma, nikapumzika, nikarudia. Mwanzoni vyote vilirudi, baadaye vingine vikakaa. Nepi zilikuwa zimekunjwa juu ya kabati, zinanitazama.

Siku ilipofika tuliketi baada ya sala ya adhuhuri. Safari hii nilikuwa nimeulizia mila yao yote, na nilijua jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wamelisahau kwa kuzoea wakwe wenye njaa: mkwe akiwa mkekani, hakuna anayenawa wala kuinuka kabla yake.

Nikaanza. Punje moja. Nikatafuna, nikamtazama mjomba, nikatafuna tena.

Wao walimaliza mapema sana. Wakangoja. Baba mkwe akakohoa. Mzee mmoja akauliza hali ya mahindi Soni, nikanyoosha kidole kuonyesha kwamba bado natafuna, na mtu mwenye adabu hasemi na chakula mdomoni. Alasiri ilipoingia ilibidi desturi isimame kumpisha Mungu. Tukatawadha, tukasali wote, tukarudi mkekani, na sahani yangu ikafunuliwa upya. Mjomba akamega tonge kwa adabu, likamkaukia vidoleni. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, mvua ikaanza kunyunyiza, mbuzi wakawa wanalia zizini hawana wa kuwahudumia, na mimi sijamaliza paja. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka mgongoni. Kila punje niliyomeza niliimeza kwa hasira, na naamini ni hasira iliyoizuia isirudi.

Firigisi niliiacha mwisho. Nilipoimeza punje ya mwisho, adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Nikaweka mifupa mitupu mbele ya mjomba, nikaomba maji ya kunawa.

"Mkwe," akasema baba mkwe, akijinyoosha magoti, "umetutesa."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa nakubali."

Hakuna aliyecheka, ila nyuma ya ukuta wa jikoni nilisikia mwanamke mmoja akishindwa kujizuia, na nilimjua kwa sauti. Baba mkwe akasema nilale, asubuhi nimchukue mke wangu.

Alfajiri tulishuka, yeye mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma nikijiona jemadari. Hatukufika mbali. Nyuma ya migomba ya mtu nisiyemjua nikainama, na kuku wa ukoo mzima akatoka. Nilimaliza, nikajifuta, nikaanza tena kulalamika: mjomba yule, mwenyekiti yule, watu hawa na macho yao juu ya tumbo langu.

Mke wangu alikuwa amesimama njiani, mkono mmoja umeshika kikapu, mwingine kiunoni. Mimba yake ilikuwa imekua sana toka niliposukuma sahani ile, na sikuwa nimeliona hilo mpaka wakati huo.

"Toka utoke hospitali," akasema, "watu wote wanaangalia tumbo lako. Mama, mjomba, mwenyekiti, na wewe mwenyewe. Mimi wamenihoji mchana na usiku. Hili langu nani ameliangalia?"

Nikamsogelea.

Nikamtua kikapu. Ndani mlikuwa na mtetea mzima, zawadi ya mama yake kwa ajili ya mzazi. Mwanamume wa kwetu siku zile hakubeba kikapu kichwani mbele ya mkewe, na watu walikuwa wameshaanza kutoka kwenda mashambani. Nikakibeba hivyohivyo hadi barabarani, kuku anapiga kelele juu yangu, yeye akinifuata polepole bila mzigo. Walionitazama walitazama. Mimi nilikuwa nageuka kila mara kumtazama yeye.