Mbawa Nyekundu za Mwanamize

"Bi Mwanamize, vitambaa vyekundu vyote hivi unamshonea nani?"

Tatu aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, asubuhi moja ya masika, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Hakuwa na ubaya wowote siku hiyo. Aliuliza kama jirani anavyouliza leo mboga gani. Lakini Mwanamize alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote kumi na minne waliyokaa nyumba moja. Alitoa mguu kwenye cherehani, akavuta khanga iliyokuwa kitini, akafunika kile alichokuwa akishona.

"Kazi ya mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mwanangu. Ya watu mengi."

Tatu akaenda zake bombani. Na hapo ndipo shaka ilipoingia katika nyumba ile, kimyakimya, kama mchwa anavyoingia kwenye kenchi za paa.

Mwanamize binti Humoud alizaliwa mitaa miwili tu kutoka hapo, nyuma ya duka la baba yake la tende na ubani. Skuli aliishia darasa la nne, ila msahafu aliuhitimu. Aliolewa, akafiwa na mume kabla Mungu hajampa mtoto, akabaki na cherehani ya kukanyaga na kazi aliyoirithi kwa shangazi yake. Kazi hiyo haina ujira, wala hakuna anayeitundikia kibao. Mwanamize alikuwa akiosha maiti za wanawake.

Mwanamke akifariki mtaani, watu walimwita Mwanamize kabla hawajakumbuka turubai. Alikuwa akipima maji kwenye kifundo cha mkono wake, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Aliwasemesha marehemu: "Nakugeuza sasa, mama. Vumilia kidogo." Na lolote aliloliona kwenye mwili wa mtu lilizikwa siku hiyohiyo pamoja na mwenyewe.

Lakini mwosha, hata awe hodari vipi, bila kuaminiwa si kitu. Anafungiwa mlango na maiti. Anashika nywele, anashika kucha, anapitishia mikononi maji ya mwisho. Na wapo watu, Mungu atuepushe nao, wanaovitaka vitu hivyo kwa mambo yao ya kiza. Ndiyo maana mtaa ukishamtilia mwosha shaka, basi tena. Hawamwambii kitu, wanaacha tu kumwita.

Chumba cha pili kutoka chake alikuwa amelala Bi Siwema, mama yake Tatu, mwaka wa pili hajatoka kitandani. Walikuwa mashoga tangu usichana. Siku moja Bi Siwema alimshika kiganja akamwambia, "Mwanamize, usiniachie mikononi mwa mtu mwingine." Mwanamize akajibu, "Inshallah, sitakuacha." Hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza.

Ya pili alimpa Ketan, mtoto wa mzee Harilal mwenye duka la vitambaa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zimerudi madukani baada ya kupanga foleni hata kwa kipande cha sabuni, na kila kijana wa biashara anataka awe wa kwanza kuleta kitu. Ketan alikodi jumba la sinema la mjini akaleta picha iliyokuwa imetikisa dunia. Mtu wa kawaida kabisa mchana, lakini wanyonge wakionewa anavaa kinyago, anaota mbawa nyekundu na kuruka juu ya mabati. Anaitwa Mwewe. Ketan alitaka mbawa mia moja za kitambaa, za kufunga shingoni, nyekundu, zenye mdomo mweusi wa ndege mgongoni, awagawie watu mia wa kwanza siku ya kufungua.

"Ila mama, hii siri," akamwambia. "Mafundi wa Mtaa wa Kongo wakinusa tu, Jumatatu mji mzima una mbawa, mimi nimekwisha."

"Sitasema."

"Hata kwa jirani?"

"Ketan, neno langu si mpira, kwamba nitalirusha kisha lirudi."

Akaletewa jora la kitambaa cha bendera, chekundu, na kaniki nyeusi. Na sandukuni mwake, kama siku zote, kulikuwa na bafta nyeupe ya sanda. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Mtu asiyewahi kupiga hodi kwa mganga hazijui rangi za mganga, naye Mwanamize hakuwahi. Tatu alizijua. Alipokuwa akitafuta uzazi alizungushwa kwa waganga saba, na kila mmoja alimwagiza vitambaa vilevile vitatu.

Jioni barazani hapakuwa na habari nyingine ila Mwewe. Bushiri, mpangaji wa chumba cha mbele, mtu mzima na watoto wake watano, muuza viatu vya mitumba Mchikichini, alikuwa amebandika bango la picha ile mlangoni kwake, mkewe akalalamika hadi akachoka. Mchezaji mwenyewe walimwita Fundi Saa, kwa kuwa katika picha yake ya zamani alitegua bomu lenye saa kwa kutumia kibanio cha nywele. Bushiri alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"Mimi nina wasiwasi," akasema Theophil, fundi redio wa nyumba ya pili. "Kwa nini wamemziba uso? Fundi Saa alishakufa zamani. Huyo wamemchomeka mtu mwingine."

"Toka hapa! Fundi Saa hafi. Umeona wapi stelingi anakufa?"

"Hafi ndani ya picha, bwana. Nje ya picha anakufa kama wewe."

"Wewe roho mbaya! Hata mzungu wa watu unamroga?"

Wakacheka. Ndani, Mwanamize naye akatabasamu, mguu wake ukikanyaga cherehani. Tatu, aliyekuwa akichambua mchele ukumbini, hakucheka. Alikuwa akisikiliza cherehani.

Kila Alhamisi Mwanamize alikuwa akimkata kucha Bi Siwema. Alizifunga kwenye kitambaa na kuzizika chini ya mpapai uani, kama shangazi yake alivyomfunza, kwamba kitu cha mwili wa Muislamu hakitupwi jalalani. Alhamisi ile kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa chekundu. Akafunga, akafukia, akaenda kuswali.

Kesho yake kuku akakifukua.

Tatu alikuja mlangoni na kiganja kimekunjwa. Akakifungua. "Hizi kucha za nani?"

Mwanamize akatazama. Ncha zake zilikuwa bado na hina iliyofifia. "Za mama yako. Nilizika jana."

"Kwenye chekundu?"

"Ndicho kilichokuwa karibu, mwanangu."

"Mbona mwaka mzima hakikuwa karibu? Chekundu cha nini? Nilikuuliza wiki iliyopita, ukafunika. Leo nakuuliza tena."

Nyuma ya pazia mbawa sitini na saba zilikuwa zimekunjwa kwenye gunia. Ilikuwa hatua tatu tu: kwenda, kuchomoa moja, kumwonyesha. Mwanamize aliuangalia mlango ule wa pazia mpaka Tatu naye akauangalia. Jumapili bado siku tisa.

"Kuna mtu nimempa neno," akasema. "Nivumilie mpaka Jumapili ya pili."

"Mpaka Jumapili mama yangu atakuwa hai?"

"Astaghfirullah, Tatu!"

"Mama akitangulia," Tatu akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi, "tutamleta mwosha wa Magomeni. Wewe usihangaike."

Tangu siku hiyo mlango wa Bi Siwema ukawa unafungwa kwa kufuli Tatu akitoka. Kikombe ambacho Mwanamize alizoea kumnyweshea uji hakikuonekana tena kwenye susu. "Shikamoo" ilibaki, maana adabu ni adabu, lakini ilitoka imekauka kama mkate wa juzi. Bombani wanawake wakanyamaza akifika. Siku moja alimsikia mmoja akisema, "Kumbe ndiyo maana kila msiba hakosi." Mwanamize akajifanya hakusikia, akajaza ndoo yake, akarudi chumbani. Akautandika mswala na kulia juu yake. Hakumlaumu Tatu. Mtoto anayemlinda mama yake utamlaumu kwa lipi? Alichomwomba Mungu ni kimoja: Bi Siwema aishi hadi Jumapili.

Mvua ikanyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi kutwa. Jumamosi jioni Ketan akaja na gari kuchukua gunia. Bushiri hakulala vizuri. Jumapili alfajiri alishatoka, yeye na Theophil, kwenda kupanga mstari mjini.

Saa moja asubuhi Bi Siwema akakata roho.

Mwanamize alizisikia "Inna lillahi" kupitia ukutani. Mikono yake ikaondoka yenyewe kwenda sandukuni, kwenye sanda, kwenye karafuu maiti, kisha akakumbuka akafunga sanduku. Akaenda akamkumbatia Tatu, na Tatu akakubali kukumbatiwa, mikono imelala ubavuni. Akarudi kukaa kwenye mkeka wake, mlango wazi, tasbihi mkononi. Mjumbe alishatumwa Magomeni.

Saa tano mjumbe akarudi amelowa hadi kiunoni. Bonde la Jangwani limejaa. Maji yamekatiza barabara, hata malori yamesimama. Mwosha wa Magomeni yuko ng'ambo na hapavukiki. Mazishi yamepangwa alasiri, na maiti haiwekwi. Wanawake waliojaa uani wakatazamana, kisha wakautazama mlango wa Mwanamize, kisha wakatazama chini. Saa sita ikapiga, ikapita.

Muda si mrefu sauti zikaingia kwa mlango wa uani, zinagombana tangu mtaani.

"Nakuambia ni yeye!"

"Hakuvua kinyago hata mara moja, Bushiri! Saa mbili nzima! Watu wamezomea mpaka mwisho, nusu ya ukumbi imesema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Wamezomea wasiojua. Mimi sikutazama uso, nimetazama mikono. Ile namna anavyokaza fundo kwa kidole gumba cha kushoto, nani mwingine anaiweza? Nimemtazama mtu yule tangu..."

Akawaona wanawake na vichwa vilivyofunikwa. Alikuwa amevaa mbawa nyekundu shingoni, zimelowa chapachapa, rangi inamchuruzika kwenye shati jeupe, na mgongoni mdomo mweusi wa ndege. Theophil naye vilevile.

"Nani?" Bushiri akauliza kwa sauti ndogo.

"Bi Siwema," mkewe akamjibu. "Vua huo upuuzi."

Akaanza kuvua, lakini Tatu alishamfikia. Akaushika upindo wa mbawa, akaugeuza, akaukagua mshono. Akaupapasa mdomo wa kaniki kwa kidole.

"Umepata wapi?"

"Pale mlangoni pa sinema, dada. Ketan anawagawia watu mia wa kwanza. Mimi nilikuwa wa thelathini na moja. Pole sana, dada yangu. Mimi sikujua."

Tatu akazichukua zile mbawa, akaenda nazo, maji yakidondoka ukumbini, mpaka mlangoni kwa Mwanamize.

"Ni hizi?"

"Ni hizi."

"Zote?"

"Mia moja. Nilimwahidi mtoto wa Harilal nisiseme mpaka leo."

"Mimi nakufungia mlango, watu wanakusema bombani, na wewe umenyamaza kwa ajili ya mbawa za sinema?"

"Ahadi haiangalii ni ya nini, mwanangu."

Tatu akazitundika mbawa kwenye kitasa, akaifuta mikono yake iliyogeuka nyekundu kwenye khanga. Ungedhani yamekwisha. Lakini shaka ikishalala kwa mtu wiki mbili haitoki kwa siku moja, na Mwanamize aliiona bado imekaa machoni mwake, imejikunyata tu.

"Kitambaa nimekielewa," Tatu akasema. "Na kucha?"

"Kucha nilishakujibu siku ileile."

"Ulinijibu. Sijui, Bi Mwanamize. Nataka kukuamini. Lakini nikikufungia mlango na mama yangu, nitakaa pale nje roho juu, na kesho nitakuwa nayo hivyohivyo. Wallahi sijui."

Mwanamize akasimama. Akafungua sanduku, akatoa bafta, majani ya mkunazi na karafuu maiti, akavipanga kwenye sinia mbele ya macho ya Tatu, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akaigeuza mikono yake mitupu, viganja kisha migongo.

"Sitakuapia, Tatu. Nakuomba kitu kimoja tu: usikae nje. Ingia na mimi, unishikie kata ya maji, utazame mikono yangu mpaka nimalize."