Sentimita Mbili za Jumanne

Mpima ardhi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kazini kwake walijua kwamba akishasimika vigingi, hata majirani waliotaka kutoana roho kwa ajili ya mpaka walinyamaza wakarudi makwao. Kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipopitiliza siku kumi na mbili, na daktari akamwambia aje Jumatatu aanzishiwe uchungu, alifika hospitali saa mbili kamili asubuhi, begi begani, mama yake nyuma.

Kitanda kilipatikana saa nane mchana. Muda wote huo walikaa kwenye benchi la korido, mpima ardhi akiinuka kila mara kunyoosha kiuno, mama yake akimtuliza kwa maneno yale yale.

"Subira huvuta heri, mwanangu."

"Basi hii heri ni nzito, mama. Inavutwa tangu asubuhi."

Jioni aliwekewa kidonge. Akaambiwa asubiri. Kulipokucha alikuwa amesubiri vizuri sana na hapakuwa na lolote ila mgongo kuuma na simu ya mumewe kulia. Wageni waliruhusiwa saa kumi tu, na mama mzazi peke yake ndiye aliyeachiwa kukaa, basi yule bwana akageuza simu kuwa mlango wa wodi. "Vipi, tayari?" Baada ya robo saa: "Bado?" Kisha wifi mtu: "Mtoto wa kike au wa kiume?" Mpima ardhi akaizima, akaitia chini ya mto.

Jumanne asubuhi muuguzi wa kwanza alimpima njia ya uzazi, akasema imefunguka sentimita mbili. Akawekewa kidonge cha pili. Mchana akaja wa zamu nyingine, akasema tatu. Mama mtu akamshukuru Mungu kwa sauti. Jioni akaja wa tatu, akavaa glovu, akakunja uso.

"Mbili."

"Mchana zilikuwa tatu," mpima ardhi akasema.

"Mimi nimepata mbili, mama."

"Kwa hiyo nimerudi nyuma?"

"Vidole vya watu havilingani, mama. Usiwe na wasiwasi."

Mpima ardhi alitazama dari. Kazini, mtu akimletea vipimo viwili vya kiwanja kimoja, alimrudisha uwanjani na kamba yake. Hapa hakuwa na pa kumrudisha mtu. Alilia kwa hasira, akiuma ncha ya shuka ili mama yake asisikie, na mama yake akasikia.

Jumatano asubuhi wakamtundikia dripu ya uchungu. Alikuwa amesimuliwa kwamba uchungu huja taratibu, ukipanda na kushuka. Huu haukubisha hodi. Ulimshika kiunoni ukambana, ukamwachia kidogo, ukarudi kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Saa nne chupa ya uzazi ikapasuka. Mkunga akampima: sentimita nne.

"Bado safari ndefu," mkunga akasema. "Usipige kelele, unapoteza nguvu."

Haikupita nusu saa, mpima ardhi akahisi mzigo mzito ukishuka, na mwili ukaanza kusukuma wenyewe bila kumwomba ruhusa.

"Dada! Mtoto anakuja!"

Mkunga alikuwa kitanda cha pili. "Nimekupima sasa hivi. Ni msukumo wa uchungu tu huo. Usisukume!"

"Sisukumi! Anakuja mwenyewe!"

"Wote wa mara ya kwanza husema hivyo."

Hapo mama mtu, mwanamke mpole ambaye siku tatu nzima aliwaitikia wauguzi kwa "ahsante, mwanangu," aliinuka akafunua shuka. Akapiga ukelele uliowanyamazisha hata waliokuwa na uchungu wao.

"Kichwa hiki hapa! Njoo uonyeshwe, kama vidole vyako havioni!"

Mkunga alifika mbio, glovu moja mkononi, nyingine ikiburuzika. Msukumo mmoja, wa pili, na mtoto wa kike akatoka akilia.

Mpima ardhi alimpakata. Alimpenda papo hapo, hilo halikuwa na mjadala. Lakini hasira ilibaki palepale kifuani, pembeni ya mtoto.

Alasiri mkunga alirudi kujaza kadi. "Umejifungua salama, hongera. Tunaandika bila tatizo."

"Nilikuita, dada. Ukaniambia nasema kama wote."

Mkunga akashusha kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Mlikuwa tisa, mama. Sisi wawili."

"Najua. Nilikuwa nawahesabu. Lakini kufunua shuka kungekuchukua muda gani?"

Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa siku tatu, akamrekebishia mtoto kofia.

"Unisamehe," akasema.

"Nitakusamehe," mpima ardhi akajibu. "Si leo."

Saa kumi mume akaingia na tabasamu la masikio mawili, akauliza kama wa pili wangempata mwaka ujao. Mama mkwe wake alimshika mkono polepole, akamtoa nje.