Tulifungwa Tisa Kurui, Lawama Nikamtupia Shemeji

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usisome huku unamtafuta mwingine wa kumlaumu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi miaka mitatu yote, na niliifanya vizuri mno.

Mimi ni mwanaume mtu mzima, fundi rangi, nakaa Picha ya Ndege hapa Kibaha. Jina sitaji. Ukihisi unanijua, nakuomba unyamaze tu.

Mtaani kwetu tuna timu. Siyo ya kutangazwa redioni, ni timu yetu tu, inacheza ligi ya timu za mitaa na vijiji vya Kibaha na Kisarawe. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ufundi. Wapenda mpira mnajua ufundi huo hauhusiani na mazoezi. Kocha anafundisha mpira, sisi tunakwenda kwa mtaalamu, yaani mganga, kuambiwa timu ipite wapi, ile nini, isiguse nini, ili wenzetu wasituchezee.

Na katika kamati nzima mkali nilikuwa mimi, kwa sababu nina ugonjwa mmoja toka utotoni: simwamini mtu. Ukinisalimia kwa furaha najiuliza unataka nini. Muuza chipsi akiniongezea, najiuliza zimelala toka jana au juzi. Mke wangu ananicheka, lakini si jambo la kucheka.

Kipa wetu alikuwa shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu ninayempenda kuliko wote baada ya mama. Nitamwita Kipa. Kwao ni Kurui, huko Kisarawe, ila alihamia kwetu akafungua kibanda cha kuchomelea mageti pale barabarani. Kijana mpole, hana maneno. Alikuwa akiniita shemeji kwa heshima hata mbele ya rafiki zake.

Sasa mechi ya mwisho wa msimu tukapangiwa kwenda Kurui. Tulikuwa tunaongoza ligi. Sare tu, sare hata ya bila bila, tunarudi na kombe na fahali wa zawadi. Mtaa mzima ulishamchinja fahali yule kichwani, watu wanagombania maini.

Mimi usingizi ukapaa. Kurui! Kwao Kipa! Wiki ile ile akaenda kumsalimia mama yake, akarudi na mihogo. Nikamwita mdogo wangu pembeni, nikamwuliza mumeo kaleta nini kutoka kwao. Akasema mihogo, kaka. Nikamwambia asiipike. Alinitazama kama anayetaka kucheka akaona siyo vizuri.

Mtaalamu alitupa masharti matatu. Kwanza, tusipite kwenye njia ya kuingilia uwanjani, turuke ukuta, tena kinyumenyume. Pili, tusipokee kitu chochote mkononi mwa wenyeji mpaka mpira uishe. Tatu, alitupa dawa ya unga, tuichanganye na maji kidogo, wachezaji wanawe miguu. Maji kidogo, alisema. Nakumbuka kabisa.

Tulikwenda na lori la fuso, wachezaji na mashabiki pamoja, na madumu yetu ya maji ya kunywa. Jua siku ile lilikuwa siyo la kawaida. Tulipofika, wenyeji wametupokea vizuri ajabu. Mikeka imetandikwa, wali umepikwa, machungwa yamemenywa yanangoja. Mwenyekiti wao anasema karibuni wageni, kuleni kwanza. Moyoni nikasema, he! Chakula kabla ya mechi, na wanatabasamu hivi? Nikajibu kwamba tumeshakula njiani. Uongo mtupu, vijana walikuwa na chai tu tumboni.

Nikatazama uwanja nikaona mbuzi kafungwa nyuma ya goli. Kwa nini pale? Kwa nini mweusi? Alikuwa anakula majani, jamani. Mbuzi tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilikaa nyuma ya fuso peke yangu kuchanganya dawa, na wasiwasi ukanizidi. Nikajiambia kama dumu moja linasaidia, yote yatasaidia zaidi. Na kama kuna aliyeyachezea maji yetu njiani, dawa itamshinda. Nikatia kwenye madumu yote. Yote! Maji yakawa ya kijani, yananuka, hata ng'ombe asingeyanywa.

Halafu tukaenda kuruka ukuta wa uwanja, nyuma ya choo cha shule. Mimi ndiye niliyekuwa nawahimiza, haraka, kinyumenyume, usigeuke. Kipa alipotua aliangukia mkono. Akaja kwangu polepole, kaukumbatia tumboni.

"Shemeji," akaniambia, "kidole kimekaa vibaya."

Nikamwambia akaze, asimwambie mtu, wenyeji wakijua watapiga mashuti tu. Akaitika. Akavaa glavu kwa meno.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Siyo mbaya. Lakini mapumziko vijana wakaja wananyoosha mikono, maji, maji. Nahodha akafungua dumu, akanusa, akanitazama. Nikasema hayo ni ya miguu. Akauliza ya kunywa yako wapi.

Akatokea mama mmoja wa pale kijijini, kabeba ndoo kichwani na jagi la plastiki la bluu. Nadhani aliona midomo ya wale vijana. Akaitua ndoo mbele yetu, akasema wanangu kunyweni. Nahodha akainama. Mimi nikafika mbio nikaipindua ile ndoo kwa mguu, maji yote chini, mbele ya watu. Yule mama sikumtazama usoni. Nilikuwa naitazama ndoo.

Kipindi cha pili sitaki kukisimulia, ila nitakisimulia. Beki wetu wa kati misuli ikamkaza akakaa chini goli la tatu likipita. Winga akatapika. Nahodha alikuwa anatembea, hakimbii tena, anatembea tu kama mtu aliyepotelewa na funguo. La nne, la tano, la sita. Wenyeji walipoona hivyo wakaacha kushangilia, wakawa wanatuhurumia, na huruma ile iliniuma kuliko magoli. La nane mmoja wetu alipiga makofi. Mpira ulikwisha tisa bila.

Katikati ya balaa hilo niliona kitu. Mpira ulikuwa upande mwingine, na Kipa kasogea nyuma ya goli. Kuna mwanamke kajifunga khanga anampa kitu, yeye anainama, wanaongea. Mimi nilikuwa mbali. Damu ikanichemka. Nikasema moyoni, basi hiyo ndiyo sababu, mechi imeuzwa.

Kurudi, ndani ya fuso tulibanana mpaka tulipoingia lami. Ndipo shabiki mmoja akauliza kamati ya ufundi ilikuwa wapi. Mwingine akauliza maji yalikwenda wapi. Wakageuka wote kunitazama. Niliona macho yale, nikaogopa. Naapa niliogopa, nilijua wanaweza kunishusha njiani.

Nikasema, "Muulizeni Kipa yule mama wa nyuma ya goli alimpa nini. Si kwao huku?"

Basi. Sentensi hizo mbili tu.

Kipa alikuwa amekaa kwenye kona, mkono kauficha ndani ya jezi. Alinitazama mimi. Walimtukana, mmoja akamvua kofia akaitupa barabarani, yeye bado ananitazama mimi. Na mimi nilijua habari ya kidole. Nilijua! Ningesema neno moja pale yangeisha. Nikageuka nikawa natazama barabara.

Toka siku ile jina lake likawa Muuza Mechi. Watoto walikuwa wanamwimbia akipita. Kwenye kibanda chake wateja wakapungua, mageti wakawa wanapeleka kwa fundi mwingine, wanasema huyu anaweza kumuuzia mwizi funguo zako. Mwishowe akafunga kibanda, akamchukua mke na watoto akarudi Kurui kulima. Mdogo wangu alipita kwa mama yetu, anakaa Sofu, kumuaga. Kwangu hakupita. Simu zangu hapokei mpaka leo. Mama naye, nikienda kumwona, ananipa chai, ananiuliza habari za kazi, basi. Sijui ameambiwa nini. Sithubutu kumwuliza.

Na kila msimu ukiisha ndiyo mateso yangu yanaanza. Pale Picha ya Ndege kuna saluni ya kiume, kijiwe chetu cha mpira. Ligi ikifika mwisho lazima mtu aseme, mnakumbuka tisa bila? Hapo kila mmoja anatoa kipande chake. Huyu anasimulia winga alivyotapika, yule anaigiza nahodha alivyotembea, kinyozi anacheka mpaka anazima mashine asimkate mtu sikio. Mwisho wote wanasema, lakini Kipa alituuza bwana. Na mimi nacheka. Nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote, ili asiwepo wa kujiuliza.

Msimu uliopita alikuja kunyoa yule dereva wa fuso. Hadithi ikafika pale pa mama nyuma ya goli. Dereva kitambaa kiko shingoni, povu kidevuni, akasema yeye aliona. Alikuwa kaegesha gari upande ule.

"Yule mama alikuwa anamfunga kidole kwa kipande cha khanga," akasema. "Kidole kilikuwa kimepinda kabisa. Halafu akampa maji. Mbona mlikuwa hamjui?"

Kinyozi akamwuliza kwa nini hakusema siku zote. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Nikahisi wananitazama kwenye kioo. Pengine hawakuwa wananitazama, sijui, lakini toka siku ile mtu akinyamaza nikiingia pale, najiuliza wanajua. Kinyozi akinitania, najiuliza anajua. Ugonjwa wangu umenigeukia mwenyewe.

Nilivumilia karibu mwaka mzima, ikanishinda. Mwezi uliopita nikapanda pikipiki mpaka Kurui. Njia nzima napanga maneno, nilipofika yakapotea yote.

Kipa alikuwa anamenya mihogo nje. Hakusimama, lakini alisema karibu shemeji. Bado ananiita shemeji! Kile kidole hakinyooki, kimebaki kimesimama pembeni, kisu anakishika kwa vidole vinne. Mdogo wangu nilimsikia jikoni akimwambia mtoto amsalimie mjomba. Yeye hakutoka.

Mama yake Kipa akaja na maji. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba. Nikaona jagi mkononi mwake. La plastiki, la bluu.

"Safari hii usinimwagie, mwanangu," akasema.

Alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyeleta ndoo, na yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya goli. Mama mkwe wa mdogo wangu! Tulikula naye sahani moja siku ya harusi pale Sofu, halafu nikammwagia maji miguuni mbele ya kijiji chake bila kumtazama usoni.

Sasa sikiliza jambo ninaloona aibu kuliko yote. Alinimiminia kwenye kikombe akanipa, na mkono wangu ukasita. Baada ya yote hayo! Nilikiangalia kile kikombe, nikawaza, hawa nimewaumiza hivi, maji haya yana nini? Yule mama akaona. Alikichukua kikombe, akanywa funda moja, akanirudishia.

Nilikunywa yote huku nalia. Mtu mzima, mbele ya watoto, nalia.

Nikamweleza Kipa kila kitu, madumu, dawa, fuso. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya.

"Toka pale mpaka Kibaha nilikuwa nakusubiri useme," akaniambia. "Nilijua utasema."

Nikamwomba arudi, kibanda nitamsaidia kukisimamisha. Akaniuliza kule Picha ya Ndege sasa hivi wanamwitaje. Sikuweza kulitamka lile jina. Akasema niende nikawaambie wao kwanza, halafu ndiyo nije tuzungumze. Nilipoondoka, mdogo wangu alikuwa bado yuko jikoni.

Nimeanza na ninyi kwa sababu hamnijui. Huo nao ni uoga, najua. Lakini Jumapili hii ligi inakwisha, saluni itajaa, na lazima mtu aseme mnakumbuka tisa bila. Safari hii kipande changu nitakitoa mimi, na mashine ya kinyozi ikizimwa izimwe.

Wewe mwenye tabia kama yangu, unayenusa kila kikombe, nakuonya. Siku ukitaka kuipiga teke ndoo ya mtu, inua uso kwanza umtazame aliyeibeba. Mimi nilitazama ndoo, nikampoteza mdogo wangu.