Mavi ya Inzi Kwenye Vioo vya Mama

Sisi tuliokulia Shituru, kwenye kambi ya wafanyakazi, tukiona leo dirisha lenye madoa ya inzi na mwenye nyumba amekaa tu kwenye kiti, mikono inatuwasha. Kwetu Jumamosi haikuanza kwa michezo, ilianza kwa madirisha. Kamba ya kuruka ilibaki kwenye msumari, huku tukiwasikia wenzetu wa safu ya pili wakipiga makelele, mpaka kila kioo king'ae.

Mavi ya inzi si uchafu wa mchezo. Ni vidoa vidogo kama ulezi ulioungua, na vikikauka vinashika kioo kama rangi. Mimi, kwa haraka ya kwenda kucheza, nilivisugua kwa kitambaa kikavu, vikaenea na kuacha michirizi ya kahawia. Mama alinisogeza kwa kiwiko.

"Odile, weye uko unapaka, hauko unasafisha. Acha ilowane kwanza."

Alibandika kitambaa chenye maji ya moto na sabuni juu ya kioo, akaenda jikoni kugeuza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akarudi bila haraka. Vidoa vilitoka bila kubishana. Halafu ndimu, halafu gazeti kuukuu la baba, mpaka ndege wa nje wagonge kioo wakidhani pako wazi.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea, shimo la takataka nyuma ya nyumba zetu lilijaa mpaka likamwagika. Gari la kuzoa lilikuwa halijapita wiki tatu. Maganda ya maembe yalioza, na inzi wakawa wengi hata kinywaji chako cha munkoyo hukuweza kuuacha bila kifuniko wakati unatafuta kikombe. Mama alisafisha vioo asubuhi na jioni, kila siku.

Ndipo akaja mkaguzi wa usafi, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Ijene, kwa lile neno la Kifaransa la usafi. Viatu vinang'aa, daftari kwapani. Ndiye aliyekagua nyumba, na ndiye huyohuyo aliyesimamia gari la takataka. Nyumba ikikutwa chafu, jina la baba mwenye nyumba liliandikwa kwenye ubao mlangoni pa kambi, wanaume wote walisome wakienda kazini. Akaweka kidole kwenye dirisha letu la sebuleni.

"Mama Odile, hii ni mavi ya inzi. Naandika."

"Bwana, miye nilisafisha hii vitre leo asubui."

"Inzi banaenda kwenye kuko buchafu," akajibu, hata hakumtazama.

Mama alisimama pale, vidole vimekunjamana kwa maji ya moto. Kesho yake baba alirudi kutoka kazini, akasukuma pembeni sahani ya bukari, ugali wetu. "Balisoma jina yangu, bakacheka," akasema. Hakumlaumu mama hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomuuma mama zaidi.

Asubuhi iliyofuata mama alipita mlango kwa mlango. Akina mama saba wakatoka. Kila mmoja alijaza ndoo takataka za lile shimo, akajitwika. Mimi nilibeba beseni, nikiziba pumzi njia nzima. Tulizipanga ndoo zote chini ya dirisha la ofisi ya Bwana Ijene, dirisha pana, safi kuliko yote kambini, kisha wanawake wakakaa chini, wakakunja miguu.

Inzi hawakuchelewa. Bwana Ijene akatoka, leso puani.

"Bamama, mutoshe hii bintu! Nitabaandika bote!"

"Andika," mama akamwambia. "Lakini anza na dirisha yako. Inzi banaenda kwenye kuko buchafu, si njo vile ulisema?"

Wanawake walicheka, mpaka makarani wa ofisi wakachungulia mlangoni. Kabla ya saa sita gari lilikuwa kwenye shimo letu. Wenzake walianza kuinuka, mama akabaki chini.

"Bado jina ya bwana yangu."

Bwana Ijene alienda kwenye ubao mwenyewe, akafuta. Mama alimfuata, akasimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho ikaondoka.

Sasa niende nyumbani kwa mwanangu, kule mtaa wa Kikula, nione nini? Vioo vimetapakaa vidoa, wajukuu wamelala kwenye viti, kila mmoja na simu yake. Nikiuliza ndoo na kitambaa, mkwe wangu ananiambia kwa heshima zote, "Mama, tufunge tu rideau, haitaonekana." Pazia! Eti uchafu ukifunikwa kitambaa cha maua umekwisha! Na kwenye kona ya barabara lundo limepita kimo cha mtoto. Vijana wanalipiga picha, wanatumiana, wanaweka kile kiuso cha simu kinachotoa machozi, kisha wanarusha mfuko mwingine juu yake.

Juzi nilimuuliza mjukuu wangu mkubwa ni nani anayepaswa kuliondoa lile lundo. Akainua mabega, macho kwenye simu.

"Kambo, nani anayua?"

Zamani mtu aliyetudhulumu tulimjua. Alikuwa na ofisi na viatu, akaweza hata kuona haya. Siku hizi nakasirika kutwa nzima, na sina wa kumkasirikia.