Jiwe la Mama Mkwe na Springi za Lori

Mimi si mtu wa kusifu kitu kisicholiwa. Lakini hiki nitakisifu.

Miaka ile ya sabini mashine ya kusaga posho ilikuwa imeshafika kijijini kwetu Magwagwa, na mawe yetu ya kusagia wimbi yakatupwa chini ya migomba. La mama mkwe wangu lilipasuka vipande vitatu. Alipewa na mama yake, na katikati lilikuwa limelika kama kiganja.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Akaokota vile vipande bila kumwuliza mtu, akaviunganisha kwa bolti, na kwa springi za lori bovu akaunda mwanamke aliyepiga magoti akisaga. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya chai, ungeapa anapumua. Mimi mwenyewe, na hasira zangu, nilimtazama mpaka uji ukaungua.

Mnunuzi wa Nairobi, aliyekuwa ameshamwona, angekuja kumchukua siku hiyo hiyo.

"Hatoki hapa," nilimwambia mume wangu, "mpaka mwenye jiwe aseme."

"Mama haoni siku hizi."

"Mikono yake inakushinda macho."

Nikamleta. Akapapasa polepole, mabega ya chuma, kisha jiwe. Vidole vilipoingia katika lile shimo vikatulia. Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Tata," akamwambia mwanawe, maana ndivyo mama zetu huwaita wana wao, "huyu atajimwagia unga mapajani?"

Hapo nikaona aibu kwa kutoliona mimi mwenyewe. Jiwe huinuka upande wa magoti, unga uteremkie mbele kwenye ungo. Mume wangu alikuwa amelifunga kinyume.

"Umekula ugali wangu miaka yote, hukuuliza unatoka wapi?"

"Mwanamume hakai jikoni, Mama."

"Basi geuza. Akisaga vizuri, aende."

Gari la mnunuzi lilipofika, vipande vyote vilikuwa chini na mume wangu ameshika spana.

"Kilikuwa kizuri vile vile," mgeni akalalamika. "Nairobi nani atajua?"

Mume wangu akaelekeza kidevu kwa mama yake. "Huyo hapo."

Mgeni akangoja mpaka chai ikapoa, akaondoka mikono mitupu.

Kazi ilipokwisha mama mkwe aliomba wimbi. Akamkumbatia yule wa chuma kwa nyuma, mikono minne juu ya jiwe moja, akasaga. Unga mwekundu ukateremka mbele, taratibu, kama usingizi.

"Sasa aende," akasema.

Hapakuwa na wa kumpeleka.