Mahali pa Kumzika Awinja

Kama umewahi kuja kanisani kwetu Shinyalu, Awinja ulimwona hata kama hukumtazama. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ndiye aliyefagia kabla ya ibada, na mkutano mkubwa ukija ndiye aliyesonga ugali huko nje huku sisi tuliobatizwa tukiimba ndani. Yeye hakuwa amebatizwa kwa sababu moja tu: alikuwa mke wa pili wa Andati. Zipporah, mke wa kwanza, alibatizwa tangu usichana wake na alikaa mbele kabisa. Andati mwenyewe alienda kutazama mafahali wakipigana, wala hakuna aliyemuuliza kitu.

Sheria ya kanisa ni kwamba mke wa pili akitaka ubatizo, atoke kwanza kwenye ndoa. Awinja aliambiwa hivyo akiwa na mimba ya kwanza. Akasema sawa, akarudi mlangoni. Alizaa, alilima mahindi na maharagwe, alichuma majani chai ya watu, na aligombana na Zipporah kuhusu kuku, kuhusu mpaka wa shamba, kuhusu maji ya mvua yaliyotoka kwenye paa la nani. Matusi ya mwenzake kila mmoja aliyajua kwa moyo.

Kisha koo likaanza kumbana. Kwanza ugali ulikataa kushuka, halafu ndizi, mwishowe hata uji akawa anaunywa kwa kijiko huku machozi yakimtoka. Hospitalini mjini walimwambia ni kansa na kwamba amechelewa. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko. Nikampa chai, akaitazama tu.

"Mama Tevin," akaniambia, "kufa nitakufa. Kinachonitisha ni niendako. Pasta anasemanga wokovu ni wa kila mtu. Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu."

"Basi twende tukamwambie, labda hajui."

Pasta Simiyu si mtu mbaya. Ni kijana mpole, na akihubiri hata mabati yanasikiliza. Jumapili iliyotangulia alikuwa ametufundisha kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake, anaokolewa kwa kuamini, na mlango huo haufungiwi mtu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

"Mama, wokovu ni wa wote kabisa," akamwambia Awinja. "Lakini ubatizo una utaratibu wake. Ukitoka kwa Andati ukakae kwenu, wazee wa kanisa watanikubalia. Ukibaki kwake, mikono yangu imefungwa."

"Pasta, mimi silali na Andati. Nalala na kikohozi."

Nikamgeukia Pasta.

"Unajisikia unavyoongea?" nikamuuliza.

"Mama Tevin, usinitie majaribuni."

"Majaribu gani? Nimekuuliza swali."

Swali halikusaidia. Awinja akafunga nguo zake ndani ya leso, akaaga watoto wake, tukapanda bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia asianguke. Tulienda Shirere, pembeni mwa mji, kwa kaka yake Mathew, ambaye hupangishia wanafunzi vyumba. Gentrix, mke wa Mathew, alimtandikia wifi yake kitanda safi. Mathew alipofika alimsalimu dada yake vizuri, akaketi, akazungushazungusha simu mkononi, mwisho akalitoa lililomkaa rohoni.

"Dada, kulala, lala. Kula, kula ukiweza. Lakini tafadhali usinifie hapa."

"Nikikufia?"

"Nitakuzika wapi? Wewe ni mke wa watu. Nyumbani kwa baba hakuna kaburi la binti aliyeolewa. Watakupitisha nyuma ya nyumba wakakuchimbie kule mpakani, kama kitu kilichookotwa. Watoto wako wawe wanakuja kukulilia kwenye ua wa jirani?"

Hakuwa anamfukuza. Alisema ukweli wa kwetu, kila mtu anaujua. Awinja akacheka kicheko kibaya.

"Pasta anasema nitoke ndipo niingie mbinguni. Wewe unasema nirudi ndipo niingie kaburini. Mwili ni mmoja, nitaupeleka wapi?"

Wazee wa kanisa wakatuma neno kwamba kesi yake wataijadili mwezi ujao. Mwezi ujao! Mtu ambaye hata maji yalikuwa yanamrudi. Gentrix akanipigia simu nikaenda, nikamkuta Awinja ameelekea ukutani.

"Nirudishe kwa Andati," akasema.

"Na ubatizo?"

"Siwezi kuwaacha watoto bila kaburi la mama yao. Nirudishe." Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Lakini niambie, nimeuza mbingu nikanunua shimo?"

Nikafunga nguo zake ndani ya leso, nikaita bodaboda.

Andati alimpokea mlangoni, akambeba mpaka kitandani bila kuuliza. Hapo ndipo taabu yenyewe ilianza. Awinja alikataa kulala usingizi, aliogopa kuamkia kwingine. Kila aliyeingia alimuuliza kama mtu ambaye hajabatizwa ataingia. Watu walimjibu, "Omba tu, mama," wakakumbuka ng'ombe hawajakamuliwa. Binti yake Christine alilia nje. Awinja akashikilia blanketi kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu analivuta upande wa pili.

"Nitaambiwa rudi," akawa anasema. "Nitaambiwa wewe ni wa mlangoni."

Asubuhi moja nilikuwa nikimlowesha midomo kwa kitambaa, Zipporah akaingia. Tangu nyumba ile ijengwe hakuwahi kukanyaga ndani.

"Unatisha," akasema.

"Na wewe umenenepa," Awinja akamjibu, sauti yote hewa. "Zipporah, wewe umeokoka. Usinidanganye kama hawa. Nitaingia?"

Zipporah akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Tangu uje hapa nimekuchukia. Nikiimba, nakuchukia. Nimeomba ufe, na nikaomba kwa jina la Yesu. Jumapili hiyo hiyo nikapewa mkate na kikombe, na hakuna mzee aliyeniambia nikae kando. Kama mimi naingia na hayo yote, wewe atakuzuia nani?"

Awinja akamtazama sana. "Unaamini hivyo, ama unanihurumia?"

"Nikuhurumie? Tangu lini?"

"Basi mwambie yeye. Mimi sauti imekwisha."

Zipporah hakupiga magoti. Aliomba macho wazi, kama mtu anayegombana na mwenye duka.

"Bwana Yesu, huyu ni Awinja. Anaamini. Nimemwona akiamini kule nyuma miaka yote huku mimi nikipewa kiti. Maji hakupata, usimuulize habari ya maji. Na ukimrudisha, mimi pia unirudishe, kwa maana sitaweza kukaa huko nikijua yuko nje."

Midomo ya Awinja ikasema amina. Vidole vyake vikaliachia blanketi, akalala usingizi kama mtoto, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwenda.

Tulimzika kwa Andati, mbele ya nyumba yake, mahali watoto wake wanapaona. Pasta alikuja, akasimama nyuma na watu wa kawaida. Mimi nasema Awinja aliingia. Mwenye neno tofauti aende akamwambie Zipporah.